Kelele ya Klachi au ya Giaboksi? Jinsi ya Kuitambua Kwenye 4x4 ya Zamani ya Dizeli

Gari la zamani la 4x4 likianza kulia chini ya sakafu, hukumu hutolewa haraka: "Klachi hiyo, imekwisha." Giaboksi inashushwa, klachi mpya inafungwa, gari linawashwa, na kelele ni ile ile. Wengine hukumbwa na kinyume chake: wananunua giaboksi nzima ya mtumba wakati kilichokufa ni beringi moja ya klachi.

Mkanganyiko huu una sababu. Klachi, giaboksi na transfa (kisanduku cha gia kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) vimeunganishwa kama mwili mmoja wa chuma, na sauti husafiri ndani ya chuma hicho hadi isijulikane ilikoanzia. Sikio peke yake halitoshi. Kinachotoa jibu ni kujua kwamba kelele inapoanza au inapokoma, ni kifaa gani kinazunguka, kipi kimesimama, kipi kimebeba mzigo na kipi kinazunguka bure. Na dereva ana vitu vitatu vya kumpa majibu hayo bila kulegeza nati hata moja: pedali ya klachi, liva ya gia na liva ya transfa.

Pedali inafanya nini hasa

Nyuma ya injini kuna flaiwili, gurudumu zito la chuma linalozunguka muda wote injini inapowaka. Presha pleti imefungwa kwa bolti kwenye flaiwili hiyo, na kati yao imebanwa klachi pleti. Klachi pleti imevaliwa na shafti ya kuingilia ya giaboksi. Usipogusa pedali, vyote hivi vinazunguka pamoja, mfano wa viganja viwili vilivyobanana: kimoja kikizungushwa, cha pili hufuata.

Ukikanyaga pedali, foki (uma wa chuma) inasukuma rilizi beringi, nayo inabonyeza vidole vya presha pleti. Klachi pleti inaachiwa, na shafti ya kuingilia inasimama. Ncha ya shafti hiyo imeegemea kijiberingi kidogo, au bushi ya shaba kwenye baadhi ya magari, kilichokaa katikati ya mwisho wa krankshafti. Hicho ndicho pailoti beringi.

Ndani ya giaboksi kuna shafti tatu za kukumbuka. Shafti ya kuingilia hupokea nguvu kutoka kwenye klachi. Shafti ya kati, ambayo kwa kawaida hukaa chini na kuogelea kwenye oili, inazungushwa na ile ya kwanza. Shafti kuu ndiyo inayotoa nguvu nyuma kwenda kwenye transfa. Gari likiwa nyutro, injini inawaka na pedali haijaguswa, shafti ya kuingilia na ya kati zinazunguka, ila shafti kuu imesimama.

Kutokana na hapo unaona kosa linalorudiwa kila siku. Mtu anasema: "Nikikanyaga klachi kelele inapotea, kwa hiyo klachi ndiyo mbovu." Ni kinyume. Kukanyaga pedali kunasimamisha giaboksi. Kelele inayokufa hapo mara nyingi ni ya beringi za giaboksi, kwa sababu ndizo zilizoacha kuzunguka. Kelele inayozaliwa unapokanyaga ndiyo ya upande wa klachi, kwa sababu rilizi beringi ndiyo kwanza imebebeshwa mzigo.

Jaribio la pedali, polepole

Egesha pahali tambarare, vuta breki ya mkono, weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu. Washa injini, iache kwenye mzunguko wa chini, weka nyutro, fungua madirisha, zima feni. Fanya mara moja injini ikiwa baridi, kisha tena gari likishatembea na oili ya giaboksi kupata joto, maana oili nzito ya baridi huficha mengi.

Sasa shusha pedali polepole sana. Sentimita chache za mwanzo zina maana kuliko zote. Rilizi beringi mbovu huanza kulia pale tu inapoanza kubebeshwa uzito, kabla klachi haijaachia kabisa. Sauti yake ni mkwaruzo mkavu au mluzi mwembamba, na huongezeka kadiri unavyozidi kukandamiza.

Pailoti beringi ni tofauti. Yenyewe huzunguka pale tu injini na shafti ya kuingilia zinapokuwa na kasi tofauti, yaani klachi ikishaachia. Kelele yake huja mwishoni, pedali ikiwa imefika chini. Lakini kuna mtego: katika nyutro, shafti ya kuingilia huendelea kujizungukia sekunde kadhaa baada ya pedali kukanyagwa, na kelele inaweza isisikike mara moja. Ili kuipata, kanyaga pedali hadi mwisho, ingiza gia ya kwanza, ushikilie pedali hapo hapo bila kuachia. Shafti sasa imezuiwa na magurudumu, imesimama kabisa, na krankshafti inaizunguka kwa kasi yote ya injini. Pailoti beringi iliyokauka itapiga kelele ya kusaga au ya kulia kama bawaba kavu, na huwa kali zaidi ukiongeza mafuta kidogo.

Ipo kelele ya tatu inayowapotosha wengi: kijisauti cha kucheza-cheza ambacho kinapotea ukiweka tu mguu juu ya pedali bila kuikandamiza. Kwenye mifumo mingi ya klachi ya maji (inayosukumwa na maji kama ya breki, si kebo), rilizi beringi inagusa vidole vya presha pleti muda wote, kwa wepesi. Foki ikilika mahali inapoegemea, au kibanio chake kikivunjika, beringi hutikisika. Beringi yenyewe inaweza kuwa nzima. Kwenye Land Rover zenye injini ya 300Tdi foki inajulikana kwa kulika hadi kutobolewa na kichwa cha mhimili wake, na siku hiyo pedali huzama chini bila klachi kuachia. Ukisikia pedali imeanza kubadilika urefu wa kushika huku kuna kelele ya kucheza, usiendelee kuahirisha.

Mngurumo unaokufa pedali ikishuka

Ukiwa nyutro, pedali juu, kuna mngurumo. Ukikanyaga, unazimika polepole ndani ya sekunde moja au mbili. Washukiwa ni beringi ya shafti ya kuingilia, beringi za shafti ya kati, na beringi ndogo iliyo kati ya shafti ya kuingilia na shafti kuu.

Kabla ya kuihukumu giaboksi, ondoa kwanza jambo moja ambalo ni la dizeli hasa. Injini ya dizeli haizunguki kwa ulaini. Inasukuma kwa mapigo. Injini ya silinda 4 kwenye mizunguko 750 kwa dakika hupiga mapigo 25 kila sekunde. Kila pigo linazigonga meno ya gia ambazo hazina mzigo, na zinajibu kwa mlio wa kukereketa. Springi ndogo zilizomo kwenye klachi pleti zimewekwa kumeza mapigo hayo. Zikilegea au kuvunjika, mlio unaongezeka. Nozeli (kipuliza mafuta) moja ikiwa haipulizi sawa na nyingine, mapigo yanakosa usawa na giaboksi inakereketa zaidi, ingawa giaboksi haina kosa.

Kutofautisha: ongeza mafuta taratibu hadi mizunguko 1,000 hivi. Mkereketo wa meno hupungua sana au hupotea. Mngurumo wa beringi haupotei. Unapanda sauti pamoja na injini. Ikiwa ni mkereketo tu, kagua mzunguko wa chini wa injini na nozeli kabla ya kugusa chochote chini. Magari kama Land Rover ya Td5 yalifungwa flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani yake, na hiyo nayo ikichoka hugonga kwa nguvu, hasa wakati wa kuzima injini.

Gia ya nne ndiyo shahidi mkuu

Kwenye giaboksi nyingi za 4x4 za zamani, za gia nne au tano, gia ya nne ni ya moja kwa moja: shafti ya kuingilia na shafti kuu zinafungwa pamoja na kuzunguka kama kitu kimoja. Shafti ya kati bado inazunguka, lakini haisukumi chochote. Katika gia nyingine zote nguvu hupita kwenye shafti ya kati, na meno yanapobanana husukumana mbali, hivyo beringi zake hubeba mzigo mkubwa.

Tafuta barabara iliyonyooka yenye kilima kidogo. Panda kwa gia ya tatu huku umekanyaga mafuta, kisha ingiza ya nne kwa mwendo ule ule. Mngurumo uliokuwepo kwenye ya kwanza, ya pili na ya tatu, ukapungua sana kwenye ya nne na kurudi ukiingiza ya tano, unaonyesha shafti ya kati na beringi zinazoshirikiana nayo. Ile beringi ndogo kati ya shafti mbili pia hunyamaza kwenye ya nne, kwa sababu pande zake zote zinakwenda pamoja. Ni ipi kati ya hizo, hutajua kwa sauti. Giaboksi itafunguliwa tu, na aliyekuahidi jina la beringi kabla ya kufungua amebahatisha.

Kelele ya gia moja pekee ni meno au beringi ya gia hiyo. Gia ya tano ndiyo inayokufa mapema kwenye giaboksi nyingi, maana hukaa nyuma kabisa, mbali na wingi wa oili, na oili ikipungua yenyewe ndiyo hukauka mwanzo. Kelele iliyo sawa katika gia zote, ikiwamo ya nne, na isiyokuwepo ukiwa umesimama nyutro, ielekeze nyuma: beringi ya mwisho ya shafti kuu, transfa, propela (shafti ndefu ya kupeleka nguvu kwenye ekseli) au difu (gia za katikati ya ekseli).

Liva ya transfa

Hapa mwenye 4x4 ana nafasi ambayo mwenye gari dogo hana. Ikiwa transfa yako ina nyutro, unaweza kuizungusha giaboksi katika gia zote gari likiwa limesimama. Onyo kwanza: transfa ikiwa nyutro, gia haishikilii gari tena, hata ukiacha gia ya kwanza. Kabari ni lazima, na usilale chini ya gari wakati wa jaribio hili.

Zima injini, weka transfa nyutro, washa, kanyaga klachi, ingiza gia ya kwanza na uachie pedali polepole. Gari halitembei, propela hazizunguki, lakini shafti kuu sasa inazunguka. Pitia gia zote moja baada ya nyingine. Mngurumo unaotokea hapa hauhusiani na propela, difu wala beringi za magurudumu. Kumbuka tu kwamba kwenye transfa nyingi gia ya kuingilia na ile ya katikati huendelea kuzunguka hata ikiwa nyutro, kwa hiyo transfa haijasafishwa jina kabisa. Tena hakuna mzigo. Ukimya katika jaribio hili hauthibitishi uzima.

Kinyume chake, ukiwa barabarani kwa mwendo wa kilomita 50 hivi kwa saa, kanyaga klachi, weka nyutro, acha gari liserereke. Kelele ikiendelea na kupungua pamoja na mwendo wa gari badala ya injini, usianze na giaboksi, ingawa shafti kuu na transfa bado zinazungushwa na magurudumu. Kagua beringi za magurudumu, difu, krosi za propela, na matairi. Matairi yenye vipande vikubwa vya matope yakilika vibaya huvuma kama difu iliyokufa.

Mlio mmoja wa "ko!" unapoachia klachi au unapobadili kati ya kukanyaga na kuachia mafuta ni habari nyingine. Anza na krosi za propela: shika propela kwa mikono miwili, injini ikiwa imezimwa, uizungushe kushoto na kulia huku ukitazama krosi. Kisha mauntingi, zile raba zinazobeba injini na giaboksi. Kwenye Land Rover zenye giaboksi ya R380 na transfa ya LT230, meno ya shafti kuu yanapoingia kwenye gia ya transfa yalikuwa yanakosa oili na kulika. Dalili yake ni mchezo mkubwa na vumbi la rangi ya kutu, na matoleo ya baadaye ya gia hiyo yalitobolewa matundu ya kupitishia oili.

Rivasi inayosaga

Rivasi kwenye magari haya mara nyingi haina sinkronaiza, yaani pete ya shaba inayosawazisha kasi ya gia mbili kabla hazijashikana. Hivyo kusaga kidogo ukiharakisha si ugonjwa. Kanyaga pedali hadi mwisho, hesabu sekunde 10, ndipo uingize rivasi. Ikiingia kimya, klachi inaachia vizuri. Ikisaga bado, shafti ya kuingilia haijasimama: kuna hewa kwenye maji ya klachi, silinda ya klachi inavuja, foki imelika, klachi pleti imekunjika, au pailoti beringi imekwama na inaiburuta shafti. Giaboksi haina hatia. Lakini rivasi ikiwa kimya huku gia ya pili au ya tatu ikisaga kila unapoingiza, sinkronaiza ya gia hiyo ndiyo iliyokwisha.

Oili inasema kabla ya spana

Kabla ya kushusha chochote, tazama oili. Gari liwe tambarare na oili iwe na uvuguvugu. Fungua boliti ya kujazia kwanza, ile ya pembeni. Ukimwaga oili halafu boliti ya kujazia ikagoma kufunguka, gari litalala hapo. Oili inapaswa kufika ukingo wa chini wa tundu.

Sumaku ya boliti ya kumwagia ikiwa na uji laini wa kijivu, hiyo ni kawaida ya umri. Vipande bapa vinavyong'aa vinavyokwama kwenye vidole ni ngozi ya beringi au ya meno iliyobanduka. Safari ndefu ziishe hapo. Chembe za rangi ya dhahabu zisizovutwa na sumaku zimetoka kwenye sinkronaiza. Oili yenye rangi ya maziwa ina maji, na 4x4 huyapata kirahisi: giaboksi yenye joto ikiingia mtoni inapoa ghafla, hewa ndani inasinyaa, na maji yanavutwa kupitia sili (raba ya kuzuia oili isivuje) au bomba la kupumulia lililokatika. Bomba hilo likiziba nalo, shinikizo husukuma oili nje kupitia sili.

Linganisha na kimo cha transfa. Sili kati ya giaboksi na transfa ikilika, oili huhama: giaboksi inakauka huku transfa inafurika, na chini hakuna tone hata moja. Wengi huongeza oili upande mmoja miaka na miaka bila kukagua wa pili.

Kuhusu dawa ya "weka oili nzito itulie": oili nzito huzima sauti, haiponyi beringi. Gia zinakuwa ngumu asubuhi, na oili huchelewa kufika kwenye vijia vyembamba. Giaboksi za LT77 na R380 kwenye Defender na Discovery zilipangiwa oili nyembamba kama ATF (ile ya giaboksi za otomatiki), wakati transfa yao ya LT230 hutumia oili nzito ya gia. Kuzichanganya ni kujitafutia kesi. Vilevile usijaze GL-5 pahali kitabu kinaposema GL-4 (haya ni madaraja ya oili ya gia): baadhi ya GL-5 hushambulia shaba ya sinkronaiza, na utelezi wake huzifanya pete zishindwe kushika.

Ikibidi kushusha

Giaboksi na transfa zikiwa pamoja zinaweza kupita kilo 100, kwa hiyo jeki ya giaboksi na stendi imara, si vifua vya watu wawili. Kwa kuwa kazi ya kufika pale ni ile ile, badilisha kwa mkupuo klachi pleti, presha pleti, rilizi beringi, pailoti beringi, sili ya nyuma ya krankshafti na sili ya shafti ya kuingilia. Kagua foki, kibanio chake na uso wa flaiwili, na uhakikishe bolti za flaiwili zimekazwa kwa kipimo cha kitabu. Zikilegea hugonga kama beringi za injini.

Makosa yanayorudisha kelele ni haya. Kuiosha rilizi beringi mpya kwa petroli, ambayo huyeyusha grisi iliyofungiwa ndani yake. Kupaka grisi nyingi kwenye meno ya shafti, nayo hurushwa na kuishia kwenye klachi pleti. Utando mwembamba unatosha. Kubwa kuliko yote, kuiacha giaboksi ining'inie kwenye shafti ya kuingilia wakati bolti hazijashika: uzito wote unaegemea kitovu cha klachi pleti, kinapinda, na klachi mpya inaanza kuburuta siku ya kwanza. Usiivute giaboksi kwa bolti pia. Ikigoma sentimita ya mwisho, klachi pleti haijakaa katikati; irudishe nyuma upange upya.

Ukishafunga, jaza oili ya giaboksi na ya transfa kabla ya kuwasha, toa hewa kwenye klachi, kisha rudia jaribio la pedali kabla hujafunika sakafu.